KAZI YA KUPOKEA SIMU ZA SIRI ZA USALAMA SHULENI: IJUE A HADI Z

Leo tuache siasa na mpira kidogo. Nimeona niwaletee kazi moja ambayo huku kwetu wengi hatuifahamu. Ni kazi ya kukaa kwenye simu usiku na mchana, ukimsubiri mwanafunzi apige aseme "kuna mtu shuleni kwetu ananitia wasiwasi", halafu akate bila kutaja jina lake. Marekani kazi hii ipo, ina ofisi, ina sheria, na kuna watu wanalipwa mshahara kwa ajili yake. Nitaongelea zaidi jimbo la Colorado, maana ndilo lililotangulia na mengine mengi yakaiga. Majimbo mengine nitayagusa pale yanapofanya tofauti.

Kitu kimoja kishike tangu mwanzo: mpokea simu huyu hapelelezi, hafundishi na hatibu. Kazi yake ni kumfanya mtoto mwenye woga aongee dakika mbili tatu zaidi, kupata mambo machache ya maana, na kuyafikisha haraka kwa watu wanaoweza kwenda kugonga mlango usiku huo huo. Kwa maneno ni rahisi. Endelea kusoma uone.

ILIANZAJE?

Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Columbine, Colorado, waliingia shuleni kwao na silaha wakaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Gavana wa wakati huo, Bill Owens, akaunda tume, na ripoti ya tume ikatoka mwaka 2001. Moja ya mapendekezo yake: wanafunzi wapewe njia ya kutoa taarifa bila kujulikana. Mwaka 2004 namba ikaanza kazi kwa jina la Safe2Tell. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya kulinda siri ya anayepiga, na mwaka 2014 huduma yote ikawekwa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Majimbo mengine yakafuata. Michigan walianzisha OK2SAY mwaka 2014. Utah wakaja na SafeUT mwaka 2016. Pennsylvania wakawasha Safe2Say Something Januari 2019, na mpaka mwisho wa Juni mwaka huo huo walikuwa wamepokea taarifa zaidi ya 23,000. Hiyo ni miezi sita tu, jamani.

KWA NINI BILA JINA?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Secret Service, kile kikosi kinachomlinda rais wa Marekani, kilishirikiana na Wizara ya Elimu ya huko kuchunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya mwaka 1974 na 2000. Ripoti ilitoka mwaka 2002. Waligundua kwamba katika asilimia 81 ya matukio hayo, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kabla kwamba mhusika anafikiria au anapanga jambo. Na karibu mara zote huyo aliyejua alikuwa kijana mwenzake: rafiki, mwanafunzi mwenzie au ndugu yake.

Soma tena hapo. Wazazi hawakujua, walimu hawakujua, ila washkaji walijua.

Sasa kwa nini hawakusema? Sababu unazijua hata kama hujawahi kufika Marekani. Mtu anaogopa kuonekana mchongeaji. Anaogopa kupigwa. Anadhani ni utani tu. Hataki kumponza rafiki yake. Huku kwetu mwanafunzi anayepeleka maneno ofisini anaitwa mnoko, na akishaitwa hivyo bweni zima linamtenga. Kule nako ni hivyo hivyo, tofauti ni jina tu.

Ndiyo maana vijana wanaofundishwa kuitumia namba hii wanaelezwa tofauti moja fupi: kuchongea ni kumtia mtu matatani, kutoa taarifa ni kumtoa mtu matatani. Ukiielewa hiyo umeelewa mfumo mzima.

SIRI INALINDWAJE?

Ahadi ya Safe2Tell kwa wanafunzi tangu zamani ni kwamba namba ya anayepiga haionekani, simu haifuatiliwi ilikotoka na sauti hairekodiwi. Sheria ya jimbo nayo inazifanya taarifa hizo kuwa siri, na anayezitoa ovyo anakuwa ametenda kosa la jinai.

Lakini siri hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mpokea simu. Mtoto akikata, basi. Huna pa kumpigia. Kama umesahau kuuliza jina la mji, umeliwa. Kwa hiyo kila swali linapangwa kwa kujua kwamba linaweza kuwa la mwisho.

Siku hizi vijana wengi hawapendi hata kupiga. Wanaandika kupitia programu ya simu au tovuti. Hapo kuna nafuu kidogo, kwa sababu mwenye taarifa anaweza kurudi akakuta maswali ameachiwa na kuyajibu, bado bila kujulikana. Anaweza pia kutuma picha ya maneno aliyoyaona mtandaoni. Picha ya namna hiyo inasaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

SIMU IKILIA, ANAFANYA NINI?

Kwa kifupi mtiririko uko hivi:

1. Kutuliza. Sauti ya chini, bila haraka. Mtoto anayepiga saa saba usiku akiwa amejifunika shuka hataki mtu wa kumfokea.

2. Shule gani, na mji gani? Usicheke. Marekani shule zenye jina kama Lincoln au Washington ziko kibao. Ukituma taarifa kwenye Lincoln isiyo yenyewe, umepoteza saa nzima.

3. Nani anahusika? Jina la anayehofiwa, darasa lake, anaonekanaje. Jina la anayepiga haliulizwi.

4. Nini hasa kimesemwa au kimeonekana? Hapa mpokea simu anataka maneno yenyewe. "Amesema atafanya kitu" haitoshi. Amesema nini, kwa maneno gani, kwa nani?

5. Lini na wapi? Ni leo, kesho, au ni maneno ya wiki iliyopita? Huyo mtu yuko wapi dakika hii?

6. Umejuaje? Umeona mwenyewe, umeambiwa, au umesoma mahali? Anauliza hivyo apate uzito wa habari. Si kwamba anamtilia mtoto mashaka.

7. Kuna silaha au kitu cha hatari anachoweza kukipata? Na je, wewe unayepiga uko salama?

8. Nani mwingine anajua?

Haya yote anauliza huku anachapa. Vidole na masikio vinafanya kazi kwa pamoja, ndiyo maana kuchapa haraka ni sharti la kazi.

Tuchukue mfano. Huu nimeutunga mwenyewe ili uone jinsi maswali yanavyokwenda:

– Nimeona rafiki yangu kaandika kitu. Sijui kama nifanye hivi.
– Umefanya vizuri kupiga. Sihitaji jina lako. Ameandika nini?
– Ameandika kwamba kesho hatutamwona tena. Na ameanza kugawa vitu vyake.
– Ameandika saa ngapi?
– Kama nusu saa iliyopita.
– Sasa hivi yuko wapi, unajua?
– Nyumbani kwao. Mama yake yuko kazini usiku.
– Yuko peke yake?
– Nadhani.
– Anasoma shule gani, na mji gani?

Umeona? Hakuna hotuba, na hakuna "usijali kila kitu kitakuwa sawa", maana mpokea simu hawezi kuahidi hivyo. Kwa maswali matano sita tayari kuna mtu, kuna mahali, kuna muda, na inajulikana kwamba mtoto yuko peke yake nyumbani. Hiyo inatosha gari kuondoka.

ZINAPIGWA KWA AJILI YA NINI HASA?

Wengi tukisikia usalama wa shule Marekani tunafikiria bunduki tu. Ukweli uko tofauti. Colorado, mwaka hadi mwaka, jambo linaloongoza au kuwa karibu na juu kabisa kwenye orodha ni hofu kwamba mwanafunzi fulani anataka kujiua. Baada ya hapo unakuta uonevu wa wanafunzi kwa wenzao, dawa za kulevya, kujiumiza, vitisho. Kwa miaka ya karibuni Safe2Tell imekuwa ikipokea taarifa zaidi ya 20,000 kwa mwaka wa masomo.

Utafiti uliotoka mwaka 2024 kwenye jarida la kitabibu la Pediatrics uliangalia taarifa zaidi ya 18,000 zilizopokelewa jimbo la North Carolina kupitia mfumo kama huu. Zilizotaja silaha za moto zilikuwa karibu moja kati ya kumi. Moja kati ya kumi si kidogo, wala haitakiwi kuchukuliwa kirahisi. Ila ina maana tisa zilizobaki ni mambo mengine, na mengi yake ni mtoto mmoja anayemhofia mwenzake.

Kwa hiyo mpokea simu hapambani na majambazi usiku kucha. Zaidi anamsikiliza binti wa miaka 14 anayelia kwa sababu rafiki yake hajibu ujumbe. Ndiyo maana mafunzo yanatia mkazo kitu ambacho wengi wetu tunakiogopa, yaani kuuliza moja kwa moja kama mtu anafikiria kujiua. Kuna imani ya zamani kwamba ukiuliza unampa wazo. Watafiti wameliangalia jambo hili mara nyingi na hawakuona hivyo. Mara nyingi mtu anapata unafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kumuuliza.

BAADA YA KUKATA SIMU

Taarifa inaandikwa na kutumwa. Colorado inaenda kwa timu ya shule husika na kwa polisi wa eneo hilo. Pennsylvania wao wanagawa mafungu mawili. Kama uhai uko hatarini, taarifa inaenda shuleni na kwenye kituo cha dharura cha 911 cha wilaya. Kama uhai hauko hatarini, inaenda shuleni tu.

Kila shule ina timu yake: mkuu wa shule au msaidizi wake, mshauri wa wanafunzi, na wengine. Hao ndio wanaoamka usiku. Kama jambo haliwezi kungoja, polisi wanatumwa nyumbani kuangalia kama mtoto yuko salama. Likiweza kungoja, mshauri anamwita mwanafunzi asubuhi.

Kitu kizuri cha Colorado ni kwamba shule inatakiwa kurudisha majibu: taarifa ilikuwa ya kweli au la, kilifanyika nini. Siyo unatuma halafu inaishia kwenye droo. Kwa mfumo wa namna hii, droo ni hatari kuliko simu mbovu.

NANI ANAAJIRIWA?

Inategemea jimbo, na hapa kuna mvutano wa kweli.

Colorado, miaka ya mwanzo simu zilipokelewa na watu wa mawasiliano wa polisi wa doria wa jimbo, baadaye zikahamia kwa wachambuzi wa kituo cha jimbo kinachoshughulikia taarifa za usalama. Michigan pia huduma iko mikononi mwa polisi wa jimbo. Uzuri wa watu hawa ni haraka. Wamezoea dharura, wanajua gari la karibu liko wapi.

Utah walichagua njia nyingine. SafeUT inaendeshwa na taasisi ya afya ya akili ya Chuo Kikuu cha Utah, na wanaojibu ni washauri wenye leseni. Mtoto anaweza kuzungumza nao muda mrefu juu ya shida zake mwenyewe, hata kama hakuna wa kumripoti.

Ipi bora? Kama mtu ana silaha mkononi, unataka wa kwanza. Kama aliyepiga ndiye mwenye kukata tamaa, unataka wa pili. Colorado waliliona pengo hilo, na mwaka 2020 wakatunga sheria iliyowezesha simu za matatizo ya akili kuunganishwa na huduma ya ushauri ya jimbo. Tena tangu Julai 2022 Marekani nzima ina namba 988 kwa ajili ya watu wenye mawazo ya kujiua.

Ukiacha elimu, sifa zinazotakiwa kila mahali ni hizi: usiwe na rekodi ya uhalifu, ujue kutunza siri, uandike haraka na kwa usahihi, uweze kufanya kazi zamu za usiku na sikukuu, na usiwe mtu wa kupaniki.

UGUMU WAKE

Kwanza, masikio yanachoka kabla ya mwili. Kusikiliza shida za watoto saa nane mfululizo kunamuumiza mtu hata kama hajaona damu. Ofisi makini zina utaratibu wa kumpumzisha mfanyakazi na kumpa mtu wa kuongea naye.

Pili, mwisho wa stori mara nyingi huuoni. Ripoti ya shule ikirudi inasema mtoto amepatiwa msaada. Alilia? Alishukuru? Anaendeleaje leo? Hayo hayamo.

Tatu, kuna watukutu. Wanafunzi wengine wanapiga kutania, wengine wanatumia namba kumkomoa adui yao. Colorado wanasema taarifa zinazogundulika kuwa za uongo ni asilimia ndogo tu. Hata hivyo mpokea simu haruhusiwi kuamua kwa hisia kwamba "huyu ananitania" akaacha kutuma. Akikosea upande huo, hakuna marekebisho.

LAWAMA ZILIZOPO

Mfumo huu haukosi wakosoaji na hoja zao zina uzito. Polisi kugonga mlango usiku wa manane kunaweza kumtisha mtoto ambaye alihitaji mtu wa kuongea naye tu. Kuna hofu ya wanafunzi kuandikwa kwenye mafaili kwa maneno ya wivu. Na kuna shule za vijijini ambako mshauri ni mmoja, anazunguka shule kadhaa, kwa hiyo taarifa inafika ila mikono ya kuifanyia kazi haipo.

Lakini somo kubwa zaidi linatoka Colorado kwenyewe. Tarehe 13 Desemba 2013, mwanafunzi wa shule ya Arapahoe aliingia na bunduki, akampiga msichana wa miaka 17 ambaye alifariki siku chache baadaye, kisha akajiua. Watafiti walioichunguza kesi hiyo walitoa ripoti Januari 2016. Walikuta wanafunzi kadhaa walikuwa wameona au kusikia mambo ya kutia wasiwasi, na kwamba shule haikuwa imewafundisha wanafunzi wake vya kutosha kuhusu Safe2Tell. Namba ilikuwepo miaka tisa. Wapokea simu walikuwa kazini siku zote hizo. Simu ya kumhusu huyo kijana haikulia.

Kwa hiyo kazi hii inaanza mbali na kiti cha mpokea simu. Inaanza ukutani mwa darasa, kwenye bango lenye namba, na kwa mwalimu anayetenga kipindi kimoja kuelezea kwamba kumwokoa rafiki si unoko.

NA HUKU KWETU?

Huku hatuna namba ya siri ya mashuleni kama hiyo ya Colorado, ila tuna jirani yake: 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Tanzania inaendeshwa na C-Sema kwa kushirikiana na serikali, Kenya na Childline Kenya, na Uganda inajulikana kama Sauti 116. Kazi yao kubwa ni ulinzi wa mtoto: ukatili nyumbani, kubakwa, kuozeshwa mapema, kutelekezwa. Mambo ya shuleni nayo yanaingia humo.

Na msiseme shida ya Columbine ni ya Wazungu peke yao. Machi 2001 bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Kenya, lilichomwa kwa petroli usiku na wavulana 67 wakafa. Septemba 2017 bweni la Moi Girls Nairobi likaungua, na baadaye mahakama ikamtia hatiani mwanafunzi wa shule hiyo hiyo kwa kuua bila kukusudia. Bweni ni mahali ambapo siri haikai sana. Mtu anaponunua petroli, anaponung'unika, anapowaambia wenzake "leo msilale huku", kuna anayesikia. Swali ni kama huyo anayesikia ana mahali pa kusemea bila kesho yake kuitwa mnoko mbele ya paredi.

Hebu niulize: shuleni kwenu, sanduku la maoni lilikaa wapi? Kama ni mlangoni mwa mkuu wa shule, ambapo kila anayetumbukiza karatasi anaonekana, basi jibu mnalo.

Kama unasoma hapa na kuna dogo au mshkaji unamhofia, usingoje uhakika wa asilimia mia. Hata wale wanaopiga simu Colorado hawana uhakika. Wana wasiwasi tu, na wanaulizwa maswali nane. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, ni bure.

Wenye uzoefu wa kazi za kupokea simu za dharura, au waliowahi kupiga 116, tupeni shule hapo chini. Msitaje majina ya watoto wala shule zao, tafadhali.

Nawasilisha.